Mambo Madogo Yanayomjenga Mwalimu: Siku ya Kazi katika Sekondari za Magharibi ya Kati ya Marekani

Utangulizi

Mwalimu mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza aghalabu huogopa jambo moja: kwamba atasahau somo. Kwa hiyo hukesha akiandika andalio la somo, huchora zana zake kwa rangi, na hukariri sentensi ya kwanza mpaka akaiota usingizini. Hufanya vyema. Lakini wiki ya kwanza ikiisha, hugundua kwamba somo lenyewe halikumsumbua sana. Yaliyomsumbua ni mengine: mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda nje mara nne katika kipindi kimoja, nyigu aliyeingia dirishani, kengele iliyopigwa kabla ya wakati, mvua iliyolipiga bati hata sauti ya mwalimu isisikike. Mambo haya hayamo katika muhtasari wa somo, wala hayamo katika azimio la kazi. Nayo ndiyo yaliyoumeza muda wake.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi mambo madogo ya namna hiyo yanavyoshughulikiwa na walimu wa mahali pengine, ili mwalimu mwanachuo apate kupima yake mwenyewe. Tumechagua shule za sekondari za eneo la Marekani liitwalo Magharibi ya Kati. Huenda msomaji akauliza: sisi wa shule za msingi tuna nini na sekondari za huko? Kwanza, kazi ya kulitawala darasa haibadiliki sana kwa sababu ya umri wa wanafunzi; kijana wa miaka 16 na mtoto wa miaka 9 wote wawili hutambua upesi kama mwalimu anajua anachokifanya. Pili, walimu wa Kimarekani si wageni kabisa katika historia ya elimu yetu. Kuanzia mwaka 1961, mpango wa Walimu kwa Afrika ya Mashariki uliwaleta walimu kutoka Marekani kufundisha katika sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda, na baadhi ya wazee wetu walikaa mbele yao wakiwa wanafunzi.

Jambo tunalotaka kuonyesha ni hili: utaratibu mdogo uliozoezwa siku za amani ndio unaomfaa mwalimu siku ya hatari. Tutaanza na mahali penyewe, tufuate siku ya kazi, kisha tuje kwenye visa vya mwaka, vikubwa na vidogo.

Mahali na Shule Zake

Jina la Magharibi ya Kati laweza kumpoteza mtu anayetazama ramani, maana eneo hili liko upande wa kaskazini katikati ya nchi, wala haliko magharibi. Kwa hesabu ya serikali ya Marekani lina majimbo 12: Ohio, Indiana, Illinois, Michigan na Wisconsin upande wa mashariki, Minnesota, Iowa, Missouri, Dakota ya Kaskazini, Dakota ya Kusini, Nebraska na Kansas upande wa magharibi. Ni nchi ya mashamba mapana ya mahindi na soya, na pia ya miji mikubwa kama Chicago, Detroit na Cleveland. Wakati wa baridi theluji hufunika barabara, na majira ya kuchipua yanapofika huja hatari ya tonado, yaani kimbunga chembamba kinachoning'inia kutoka mawinguni mithili ya mkonga wa tembo, na kuzoa kila kinachokigusa.

Shule ya sekondari huko huwa na madarasa manne, kuanzia la 9 hadi la 12, na wanafunzi wenye umri wa miaka 14 hadi 18. Shule za umma hazitozi ada. Kila wilaya ya elimu ina halmashauri yake, ambayo kwa kawaida wajumbe wake huchaguliwa na wananchi wa mahali pale, na sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi. Haki ya kutumia kodi kwa ajili ya sekondari haikupatikana bila mabishano. Mwaka 1874, katika shauri lililotoka mji wa Kalamazoo, Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan iliamua kwamba wananchi waweza kutozwa kodi ya kuendesha sekondari pia, si shule za chini peke yake.

Zamani watoto wa vijijini walisoma katika shule za chumba kimoja, mwalimu mmoja akifundisha madarasa yote kwa zamu. Shule hizo zilipounganishwa kuwa shule kubwa, ilibidi watoto wasafirishwe. Mwaka 1939 Frank W. Cyr, mzaliwa wa Nebraska aliyekuwa akifundisha katika Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, aliitisha mkutano wa kuweka viwango vya mabasi ya shule. Hapo ndipo ilipochaguliwa rangi ya manjano inayojulikana mpaka leo. Haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Maandishi meusi juu ya rangi ile husomeka hata alfajiri na jioni, wakati mwanga ni hafifu na watoto wako barabarani. Mwalimu mwanachuo na aliweke moyoni jambo hili: watu wazima walikutana kujadili rangi ya basi, kwa kuwa walijua kwamba uhai wa mtoto waweza kutegemea kitu kidogo namna hiyo.

Kengele ya Kwanza

Tumfikirie sasa mwalimu mmoja wa biolojia katika mji mdogo wa Iowa. Hatumpi jina, kwa sababu si mtu fulani. Ni mfano tuliouumba kutokana na mambo yaliyo ya kawaida katika shule nyingi za huko.

Masomo huanza kama saa mbili asubuhi, naye amefika mapema zaidi. Jambo la kwanza ambalo lingemshangaza mgeni kutoka kwetu ni kwamba mwalimu huyu hahami. Katika shule zetu nyingi darasa hukaa mahali pake, na walimu huingia na kutoka. Huko mwalimu ana chumba chake, na wanafunzi ndio wanaohama kila kipindi kinapokwisha. Kipindi huwa na dakika 45 au 50, na kati ya kipindi na kipindi kuna dakika nne au tano. Katika dakika hizo ujia wa shule hujaa mamia ya vijana: makabati ya chuma yanafunguliwa na kubamizwa, watu wanaitana, wengine wanakimbia. Kama mwalimu wetu ana vipindi vitano vya wanafunzi 25, basi kwa siku moja hupokea vijana 125, nao humjia kwa mafungu, kama abiria wa kivuko.

Anafanya nini katika dakika hizo? Hapangi karatasi zake, wala hafuti ubao. Kazi hizo amekwisha kuzifanya. Husimama mlangoni. Hapo humwamkia kila mwanafunzi kwa jina, na kwa macho yake humpima: huyu hakulala, yule amegombana na mwenziwe, wa tatu hana daftari. Wakati uo huo anawaona walio ndani na walio nje. Ubaoni kuna zoezi fupi la maswali mawili yanayohusu somo la jana, na kila anayeingia anajua kwamba ni lazima alianze bila kuambiwa. Wanapoandika, mwalimu huandika mahudhurio kimya kimya. Dakika tatu hupita, na darasa limetulia bila mtu yeyote kupaza sauti.

Utulivu huu hauletwi na ukali. Wiki ya kwanza ya mwaka mwalimu hufundisha taratibu hizi kama anavyofundisha sehemu za seli: huzieleza, huzionyesha, huwataka wanafunzi wazitende, huwasahihisha, kisha huwarudisha mlangoni waanze upya. Mwalimu anayeona kwamba kufanya hivyo ni kupoteza wakati wa somo hulipa deni hilo kila siku mpaka mwaka uishe.

Kibali, Simu na Chakula cha Mchana

Mwanafunzi akitaka kutoka darasani huchukua kibali, ambacho chaweza kuwa karatasi iliyoandikwa saa na kutiwa sahihi, au kitu maalumu kinachoning'inia karibu na mlango. Walimu wengi hutumia kitu kikubwa cha kuchekesha, kama kijiko cha mbao au kibao kirefu, ili kisisahaulike mfukoni. Kwa kuwa kitu hicho ni kimoja tu, hapana wawili wanaotoka kwa pamoja. Kwa njia hii swali la "Naomba kwenda nje" halikatizi somo. Mwanafunzi hutazama kama kibali kipo, hutoa ishara kwa mkono, naye mwalimu hujibu kwa kutikisa kichwa tu.

Tangu simu za mkononi zienee, walimu wa huko wamepata mtihani mpya. Wengine huning'iniza ukutani kitambaa chenye mifuko iliyoandikwa namba, na kila mwanafunzi akiingia huweka simu yake katika mfuko wake. Hekima ya njia hii ni kwamba mwalimu akiutupia macho ukuta huona mara moja mfuko ulio mtupu, na hivyo hulingana pia na daftari la mahudhurio. Utaratibu mmoja umefanya kazi mbili.

Chakula cha mchana huchukua kama nusu saa, na walimu wa zamu hukaa ukumbini wakiangalia vijana wanavyokula. Kwa siku mwalimu hupewa pia kipindi kimoja cha maandalizi. Yeyote aliyefundisha anajua mwisho wa kipindi hicho: mzazi hupiga simu, mashine ya kunakili karatasi hukwama, au mwanafunzi huja akilia. Mwalimu mzoefu hujifunza kutotegemea kipindi hicho kwa kazi ya siku ile ile, bali hukitumia kwa kazi ya kesho kutwa.

Kengele ya mwisho ikilia, kazi haijaisha. Walimu wengi husimamia michezo, bendi, magazeti ya shule au tamthilia. Ijumaa usiku katika msimu wa vuli yao, yaani kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Novemba, mji mzima huja kutazama mpira wa Kimarekani, na mwalimu wetu wa biolojia huenda akawa mlangoni akikata tiketi. Huko huonana na baba wa yule kijana asiyeleta kazi zake za nyumbani, nao huzungumza dakika mbili wakiwa wamesimama kwenye baridi. Mazungumzo hayo mafupi mara nyingi hufaa kuliko barua tatu.

Visa vya Mwaka

Tumeeleza siku ya kawaida. Lakini mwaka wa shule hauna siku nyingi za kawaida. Hebu tutazame visa vinne.

Kisa cha kwanza ni theluji. Usiku theluji huanguka, barabara za vijijini hazipitiki, na kabla ya kupambazuka mkuu wa elimu wa wilaya hutangaza kwamba shule zimefungwa. Watoto hushangilia, mwalimu hutazama azimio lake la kazi. Mtihani uliokuwa Jumatano huenda Alhamisi, mimea aliyoiloweka kwa ajili ya majaribio imepita kiasi, na huenda siku ikafidiwa mwishoni mwa mwaka. Mwalimu wa Minnesota au Wisconsin anajua kwamba siku kama hizo zitakuja, ingawa hajui tarehe. Kwa hiyo huacha nafasi katika azimio lake. Azimio lisilo na nafasi ni kama nguo iliyoshonwa bila kuacha upindo: siku mtoto akikua, haina la kufanywa ila kuchanwa.

Kisa cha pili ni popo. Majengo ya zamani huwa na popo darini, na huweza kutokea kwamba mmoja akaingia darasani mchana. Vijana 25 husimama juu ya viti kwa pamoja. Mwalimu anaweza kupiga kelele za kuwanyamazisha, nao hawatamsikia. Njia iliyo bora ni kuwatoa wote kwa mstari ule ule waliouzoea katika mazoezi ya moto, kuufunga mlango, na kumwita mtunza majengo, kwa kuwa popo aweza kuwa na kichaa cha mbwa na hapana ruhusa ya mtu kumshika kwa mkono mtupu. Nje ya mlango, mwalimu wa biolojia ana dakika kumi na darasa lenye macho makali kuliko siku zote. Asipowauliza kwa nini popo si ndege, ameipoteza zawadi.

Kisa cha tatu ni ugonjwa wa mwalimu mwenyewe. Huko mwalimu akiugua huitwa mwalimu wa muda, ambaye pengine ni mstaafu au mhitimu wa chuo asiyewajua wanafunzi hata kidogo, na mara nyingine hakusomea somo hilo. Kwa hiyo kila mwalimu hutakiwa kuacha mezani faili la dharura: orodha ya wanafunzi na mahali wanapokaa, ratiba, majina ya wanafunzi wawili wanaoaminika, taarifa ya mwenye ugonjwa wa kifafa au pumu, njia ya kutokea moto ukizuka, na somo moja kamili lisilohitaji chochote ila karatasi na kalamu. Andalio la somo linaloeleweka na aliyeliandika peke yake halijakamilika. Mwanachuo na ajaribu kumpa mwenziwe andalio lake bila maelezo, aone kama mwenziwe aweza kulifundisha.

Kisa cha nne kilitokea kweli, na kilifika mbali. Mwezi wa Desemba mwaka 1965, katika mji wa Des Moines, Iowa, wanafunzi wachache walivaa vitambaa vyeusi mikononi ili kuwaomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam na kuunga mkono kusimamishwa kwa mapigano. Wakuu wa shule walikuwa wamekwisha kupiga marufuku vitambaa hivyo, na wanafunzi walisimamishwa masomo. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1969 iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba wanafunzi walikuwa na haki yao, kwa kuwa uvaaji ule haukuvuruga masomo. Hatulitaji shauri hili ili kufundisha sheria za watu. Tunalitaja kwa sababu lina swali ambalo kila mwalimu hana budi kujiuliza kabla ya kukataza neno: je, jambo hili linazuia darasa kujifunza, au linaniudhi mimi tu? Majibu hayo mawili hayafanani, na mwalimu anayeyachanganya hujikuta akipigana vita visivyo na faida.

Siku ya Hatari

Katika majimbo mengi ya Magharibi ya Kati shule hufanya mazoezi ya tonado, kama zinavyofanya mazoezi ya moto. Ishara ikitolewa, wanafunzi huondoka kwenye vyumba vyenye madirisha na kwenye kumbi zenye paa pana, huenda kwenye ujia wa ndani, hupiga magoti wakielekea ukuta, huinamisha vichwa na kufunika shingo kwa mikono. Katika miaka ya karibuni yameongezwa, kwa masikitiko, mazoezi ya kujifungia darasani dhidi ya mtu mwenye silaha. Vijana hucheka katika mazoezi hayo. Wengine huchezeana migongoni. Mwalimu huona kwamba dakika kumi za somo zimekwenda bure.

Ijumaa ya tarehe 21 Aprili 1967, katika mji wa Belvidere, Illinois, tonado ilifika wakati wanafunzi wa sekondari wakiruhusiwa kwenda nyumbani na mabasi yakiwa yanapakia. Watu 24 walikufa katika janga hilo, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliokuwa pale shuleni. Wakati wa kutawanyika, ambao kila mwalimu huuona kuwa mwisho wa kazi, ndio uliokuwa wakati wa hatari kuliko wote, kwa kuwa watoto hawakuwa tena darasani wala hawajafika kwao.

Miaka saba baadaye, Jumatano ya tarehe 3 Aprili 1974, tonado nyingi zilizuka kwa siku moja katika majimbo mengi ya Marekani. Mojawapo ya zile kubwa zaidi iliingia mji wa Xenia, Ohio, yapata saa kumi na dakika arobaini alasiri. Masomo yalikuwa yamekwisha, na wanafunzi wengi walikuwa makwao. Katika sekondari ya mji, hata hivyo, kundi la wanafunzi lilikuwa jukwaani pamoja na mwalimu wao likifanya mazoezi ya tamthilia ya nyimbo. Mwanafunzi mmoja aliiona tonado ikija, akaja kusema.

Na tusimame hapa kidogo, tumfikirie mwalimu yule. Ni mwisho wa siku. Amechoka. Mazoezi yanakwenda, na siku ya maonyesho inakaribia. Anakuja kijana anayesema kwamba kuna kimbunga nje. Kila mwalimu amesikia maneno ya namna hiyo mara mia, nayo mara tisini na tisa ni ya kutafuta kisingizio. Ilikuwa rahisi kusema: "Kaa chini, tuendelee." Mazoezi yalikatizwa. Wanafunzi walishuka jukwaani, wakakimbilia ujia wa ndani wa jengo, wakajilaza kando ya kuta. Muda si muda shule iliwavunjikia juu yao. Dhoruba ilipopita na vumbi kutulia, mabasi ya shule yalikutwa yamelala juu ya jukwaa walilokuwa wamesimama. Zaidi ya watu 30 walikufa katika mji ule. Wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi ya tamthilia wote walitoka hai.

Tazama yaliyowaokoa. Hapakuwa na chombo cha ajabu wala hotuba. Kulikuwa na mwanafunzi aliyethubutu kumwambia mwalimu, mwalimu aliyekubali kukatizwa, na mahali palipojulikana pa kukimbilia. Mambo hayo matatu hayaumbwi katika dakika ile. Mwanafunzi huthubutu kumwambia mwalimu kwa sababu siku zote amezoea kusikilizwa. Mwalimu huamua upesi kwa sababu hakulifanya andalio lake kuwa bwana wake. Na miguu hujua njia pale tu ilipokwisha kuipita.

Mafunzo kwa Mwalimu Mwanachuo

Hatusemi kwamba yote ya huko yaigwe. Mwalimu mwenye watoto 70 katika chumba kimoja hawezi kufanya kama mwenye 25, na shule isiyo na ujia wa ndani haina haja ya mazoezi ya ujia wa ndani. Kinachofaa kuchukuliwa ni misingi:

1. Fundisha taratibu kama unavyofundisha somo. Jinsi ya kuingia, kugawa madaftari, kuomba ruhusa na kutoka: yote haya yaelezwe, yaonyeshwe, yatendwe na kusahihishwa katika wiki ya kwanza.

2. Yatumie vyema mapokezi na kutawanyika. Simama mlangoni watoto wanapoingia, na usiwape kisogo wanapotoka.

3. Acha nafasi katika azimio la kazi. Mvua, msiba kijijini, mkutano wa wazazi na ugonjwa vitakuja, usijifanye hujui.

4. Andika andalio ambalo mwingine aweza kulitumia. Watoto wasikose somo kwa sababu wewe una homa.

5. Chunguza hatari za mahali pako, kisha zizoezeni. Nyoka akiingia darasani, watoto watatoka kwa mlango upi, na nani atamshika mkono mtoto asiyeona vizuri? Radi zikipiga wakati wa michezo, watakwenda wapi, badala ya chini ya mwembe? Paa likianza kuezuka kwa upepo, ukuta ulio imara ni upi?

6. Msikilize mtoto kabla ya kumhukumu. Mara tisini na tisa itakuwa kisingizio. Unasikiliza kwa ajili ya ile ya mia.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa za darasa ni ndogo sana: mlango usio na mtu, ruhusa isiyo na utaratibu, mazoezi yanayofanywa kwa mzaha, mtoto anayenyamazishwa kabla hajamaliza sentensi yake. Mkufunzi anayekuja kukukagua huenda asizione, maana siku hiyo watoto hukaa kimya kwa kumwogopa mgeni. Utaziona wewe, katika siku nyingi ambazo hapana anayekutazama. Mwalimu yule wa Xenia naye hakuwa akikaguliwa na mtu. Alikuwa katika kazi ya baada ya saa za kazi, na watoto wa watu walikuwa mikononi mwake.

Maswali ya Kujadili

1. Taja taratibu tatu ambazo utazifundisha katika wiki yako ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha. Eleza utakavyozifundisha, hatua kwa hatua.

2. Ni faida na hasara zipi zitokanazo na wanafunzi kuhama na mwalimu kubaki chumbani? Je, sehemu gani ya mpango huo yaweza kutumika katika shule ya msingi yenye uhaba wa vyumba?

3. Tayarisha faili la dharura kwa ajili ya darasa la 3. Mpe mwenzio alisome bila maelezo, kisha sahihisha pale aliposhindwa kuelewa.

4. Chora ramani ya shule unayofanyia mazoezi. Onyesha mahali pa kukimbilia kukiwa na moto, upepo mkali na radi.

5. Toa mfano wa jambo ulilowahi kulikataza darasani. Je, lilikuwa likizuia watoto kujifunza, au lilikuwa likikuudhi wewe tu?